Mbegu ya Ainabkoi

Kipyego alikuwa akisugua majani. Hiyo ndiyo kazi iliyompatia ugali katika kituo cha utafiti hapo Eldoret: kuponda jani gonjwa la biti ya sukari, ule mzizi unaokamuliwa sukari, kuchovya kidole katika maji yake, na kusugua jani zima mpaka nalo liugue. Virusi viliwekwa hai hivyo, jani hadi jani, kwa sababu friji iliharibika na ombi la nyingine lilikuwa bado linashughulikiwa Nairobi. Ukitaka kujua mwendo wa serikali, iombe friji.

Siku hiyo mezani palikuwa na biti kutoka Ainabkoi, kwenye mistari michache ya majaribio katika shamba la mama yake, Jelagat. Ilikuwa nyembamba kama karoti, imeota ndevu za mizizi kila upande. Na mbegu yake ni ile ile iliyofaulu kituoni, ambayo kesho chifu angewapandisha wakulima wote wa lokesheni yake.

"Daktari, si tulisema hii haishikwi na ugonjwa?"

Daktari Gathogo aliigeuza biti mkononi, akaketi.

"Makosa ni ya virusi vyetu, Kipyego. Chembe zake za urithi ziko vipande vipande. Kuna vipande vya kuzaana tu, na kuna kimoja ndicho huharibu mizizi. Sasa sisi tumevilea kwa majani miaka hii yote, mizizi haviioni. Hicho kipande vimekitupa. Tumejaribu mbegu yetu na simba asiye na meno. Wa meno yuko kwa udongo wa mama yako."

"Basi tusimamishe upanzi wa kesho."

"Redio ishatangaza. Nikisema hapana nitaitwa mpinga maendeleo. Niko na watoto, bwana."

Alisema hayo akiangalia dirishani. Kipyego alitaka kumchukia, akashindwa. Angesema nini yeye, ambaye kidole chake ndicho kilichosugua majani hayo yote? Aliomba ruhusa, akashika njia ya Ainabkoi.

Alimkuta mama yake jikoni. Shamba lilikuwa limelimwa likingoja mvua, na maua ya pareto yote, iliyomsomesha Kipyego mpaka akavaa koti jeupe, imeng'olewa. Mama alimmiminia chai.

"Kunywa hivyo hivyo. Sukari imepotea dukani tena. Lakini mwaka ujao tutakuwa na yetu, ama?"

Kipyego akaweka kikombe chini. Akamweleza yote, kipande kilichopotea na simba asiye na meno, na sauti yake ikatetemeka kama ya mtoto aliyevunja chungu.

Jelagat alirudisha birika jikoni.

"Pareto yangu niliing'oa kwa vile wewe uko huko kituoni."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Wacha. Hukujua." Alimpangusa chozi shavuni kwa ncha ya leso, mwanaume mzima mwenye ndevu. "Kunywa chai, inapoa."

"Usipande kesho, mama."

"Chifu akipita akute sijapanda? Atasema Jelagat anapinga serikali. Si unamjua?"

Kipyego alimjua. Wote walimjua.

Mama akainuka, akateremsha karai la kukaangia, akalibandika motoni. Kisha akafungua mfuko wa mbegu aliopewa na chifu, akaumimina wote ndani, akaanza kukoroga kwa mwiko bila haraka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Serikali imesema nipande. Haijasema ziote. Zikikataa, mvua ikiendelea nitatia viazi."

Harufu ikamfikia jirani, Mama Waithira, aliyechungulia mlangoni na kuuliza kama hizo zinaliwa.

"Zinapandwa," Jelagat alijibu, akamwambia kwa nini.

Mama Waithira aliondoka bila hata kuaga. Aliporudi, alikuwa na mfuko wake wa mbegu za serikali chini ya shuka, na nyuma yake wanawake wengine wawili. Kipyego aliwatazama, akavua koti lake jeupe, akainama kuchochea kuni.