Umande Kwenye Darubini

Alfajiri moja ya Julai, baridi ikiuma Bugarama, mwalimu mstaafu Theonest aliingiza ndani darubini aliyokuwa akitazamia sayari ya Zuhura. Jiko la mkaa lilikuwa limepasha chumba joto, na mara kioo kikashika ukungu.

"Usifute na kanga, Serafina, utakikwaruza. Kiache kikauke chenyewe," alisema, kama alivyozoea kumwambia mkewe.

Serafina walimzika baada ya Pasaka.

Jirani yake, Mama Hosiana, akapiga hodi. "Shikamoo, mwalimu. Una mgeni?"

"Marahaba. Hapana, niko peke yangu. Karibu chai."

"Asante, nawahi sokoni."

Akaondoka. Theonest akaketi kando ya darubini, akangoja. Ukungu ulipoisha, kulikuwa kumeshakucha, wala hapakuwa na nyota ya kutazama.