Pini ya Pili

Dena hakuwa mtu wa kuambiwa kazi yake mbovu. Karakana nzima pale Kilifi ilijua: ukimgusa hapo umeutaka ugomvi. Yeye ndiye aliyefunzwa kukipaka chuma nikeli iliyochanganywa na chenga ngumu, zile za msasa, kikapata ngozi isiyokwanguka kwa mchanga wala mnyororo. Mwaka ule wa themanini na tano alizipaka pini mbili zinazoshika mlango wa feri, ule unaoshushwa magari yapite juu yake, akaapa zitadumu miaka mitano. Aliyemwombea kazi hiyo ni Tsuma, kaka wa mkewe, ambaye kila safari husimama chini ya mlango ule ukishushwa, kisha akaongoza magari.

Kipande cha tatu, cha chuma kilichopakwa pamoja nazo kwa majaribio, Dena alikitundika gatini, maji yakijaa kizame, yakitoka kionekane. Mwezi wa kumi akakivuta. Kiling'aa vizuri, ila kilikuwa na vitone vyekundu kama vya surua. Akakichokoa kwa kisu. Ngozi ikabanduka, na chini yake chuma kimekuwa unga. 

Akakumbuka. Siku ile, kabla ya kupaka, pini ya kwanza aliisuuza kwa maji ya mvua, tangi likakauka. Ya pili na kipande hiki akavisuuza kwa maji ya kisima. Maji ambayo Kache, mkewe, hayatii kwenye chai kwa kuwa maziwa hukatika! Jamani, chumvi yote ile aliifungia ndani kwa mikono yake, na ya bahari ikapenya kando ya chenga ikaikuta.

Alifika feri ikingoja kupakia. Akamweleza Tsuma yote mbele ya watu, aibu ikimchoma. Tsuma akakasirika, maana jina lake nalo lilikuwamo. Akaikwangua pini ya kulia, safi kabisa. Watu wakacheka, dereva wa lori akapiga honi, Dena akaambiwa aende zake nyumbani.

Akaketi katikati ya mlango, mbele ya lori.

"Bado ya pili," akasema. "Sitoki hapa."

Tsuma akashuka na nyundo upande wa kushoto, maji magotini, akinung'unika. Akagonga mara moja. Ngozi ikadondoka ingali inang'aa. Pini yenyewe ilibaki unene wa penseli.

Kicheko kikakatika. 

"Shemeji," Tsuma akasema taratibu, "mimi husimama hapa."

Dena akajibu kwamba anajua. Kisha akashuka majini, akaichukua nyundo, akaivunja mwenyewe ile pini aliyoiapia miaka mitano.