Siku Mtani Aliponizika

Mimi nimeshazikwa mara moja. Nilizikwa kijijini kwetu, karibu na Kilambo, kando ya mto, jua likiwaka, wakubwa kwa wadogo wakicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyenizika ni Mmakua mmoja wa Masasi mwenye gitaa shingoni. Kama huna mtani, shukuru Mungu. Kama unaye, kaa vizuri unisikilize.

Naitwa Kassimu. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ndiye mtoto, kwa hiyo Sudi, mtoto wa dada yangu Somoe, ni wangu. Korosho zangu ndizo zilizomsomesha mpaka akawa daktari wa upasuaji mjini Mtwara. Watu walipokuja kunipa pole kwamba daktari wangu, kila akipata nafasi, anajifungia na madaktari wenzake kwenye nyumba moja ya Magomeni, huko huko Mtwara, wanapiga muziki wa roki, pole zao sikuzipokea. Nilikwenda kuwasikiliza mwenyewe. Magitaa yalipiga kelele kama mashine ya kukoboa iliyokosa mafuta, hilo nalisema mpaka leo. Lakini ngoma! Nilimtazama Sudi mikono inavyokwenda, nikajua mikono ile haikutoka chuo kikuu. Ile ni mikono ya ukoo wetu. Mimi nimeimbisha ngoma kusini hii yote tangu ujana wangu, na yule kijana alijifunzia kupiga kwenye madumu yangu ya maji. Nilirudi kijijini kichwa juu.

Bendi yao inaitwa Kipimo. Wanakwenda vijijini na spika na jenereta, wanasimamisha hema pembeni, wanapiga muziki, na kati ya wimbo na wimbo wanawaeleza watu habari za saratani: ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya kinywa, na kwamba ikiwahiwa inatibika. Anayetaka kupimwa anaingia hemani. Ngoma ni za Sudi. Gitaa la besi ni la Daktari Glory, binti mpole wa Moshi, daktari wa meno. Anayeimba ni Daktari Hashimu, ndiye huyo Mmakua.

Sasa, mwaka niliozikwa mimi nilikuwa na kidonda chini ya ulimi. Kilianza kidogo, pale pale ninapowekaga ugoro. Nikasukutua na maji ya chumvi, wapi. Ugali ukawa unanichoma, pilipili ndiyo usiseme. Nikawa natafuna kwa shavu moja, na mke wangu Asia akiniuliza mbona nimeacha chakula, nasema nimeshiba.

"Mficha maradhi kilio humfichua," akaniambia.

Nikamwambia methali zake azipeleke shambani.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuogopa kufa, kufa tumeumbiwa. Niliogopa wataukata ulimi. Watu wana ng'ombe, wana maduka, mimi nina ulimi. Ndio ulionipa jina, ndio ulionipa hata mke. Kassimu bila ulimi ni mzee gani tena huyo?

Sudi aligundua siku ya Idd, aliponiona nimeshika shavu mbele ya sahani ya pilau.

"Mjomba, naomba ufungue mdomo nikuangalie."

"Nani afungue?"

"Wewe, mjomba."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufungua mdomo nikunyweshe dawa ya minyoo. Leo unifungue wewe?"

Akainamisha kichwa. Mpwa hamwamrishi mjomba wake, na mimi nilisema vile kwa sababu nilijua hawezi kunijibu. Hakurudia tena. Nikadhani nimeshinda.

Baada ya msimu wa korosho, Kipimo wakaja kijijini kwetu. Asubuhi ile niliitafuta kofia yangu nzuri, ile ya kudarizi, sikuiona. Asia akasema ameifua. Nikavaa ya kila siku, nikaenda kukaa mbele kabisa, maana mwenye mtoto hakai nyuma. Wakapiga nyimbo tatu nne, watoto wakarukaruka, na kila Sudi alipoachia mkono nikamgusa jirani yangu, "Unamwona?" Jirani akachoka kuniitikia.

Mara magitaa yakanyamaza. Hashimu akatoka nyuma ya spika amevaa koti kama langu, na kichwani amevaa kofia yangu. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikageuka kumtafuta Asia, naye akawa anatazama upande wa mto.

Akaanza kutembea kama mimi, kifua mbele. Watu wakatambua mara moja, wakapiga vigelegele. Akakaa, akakata tonge hewani, akalitia shavuni, uso ukakunjamana, akashika taya, kisha akasema kwa sauti yangu, "Mke wangu, nimeshiba." Kijiji kizima kikacheka. Na mimi niliyedhani naficha, nikaona kumbe kila mtu alikuwa anajua.

Halafu akajilaza kwenye mkeka, akakunja mikono, akafa. Sudi akapiga ngoma polepole, vijana wanne wakaunyanyua mkeka. Wewe unajua haki ya mtani msibani. Anamwigiza marehemu, anazuia jeneza, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Lakini msiba wenyewe uko wapi, na mimi nimekaa pale nahema? Hawajapiga hatua, maiti ikainuka ikapaza sauti: "Wekeni chini! Mimi mtani wake nimekataa! Huyu hazikwi mpaka afungue mdomo!"

"Afungue mdomo!" watu wakaitikia.

Sauti ya Somoe dada yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Nikapanda jukwaani na fimbo yangu. "Lete kofia, mla panya wewe!"

"Njoo uichukue, marehemu!" Akaruka chini, akatimua mbio, mimi nyuma yake na umri wangu huu, watu wakitupisha njia. Akaingia hemani. Na mimi nikaingia. Sikuwa hata nimeona kwamba Daktari Glory hayupo jukwaani. Alikuwa humo ndani, amekaa kwenye kiti chake. Nikafungua mdomo kumtukana Hashimu, tusi refu, nililokuwa nimelipanga njia nzima.

Glory akawasha tochi.

"Usifunge, baba," akasema kwa upole. "Hapo hapo."

Nikabaki mdomo wazi. Hashimu aliyekuwa anacheka akaacha kucheka. Ngoma nje ikakatika, na Sudi akaingia anahema, akasimama nyuma ya Glory.

Walichukua kipande kidogo cha kidonda kwenda kupima. Majibu yaliporudi, Sudi alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kunieleza kwamba ni saratani, na kwamba natakiwa Dar es Salaam kwa upasuaji.

"Wataukata wote?" nikamuuliza.

"Kipande tu, mjomba, kwa sababu tumewahi. Ungengoja msimu mwingine wa korosho nisingeweza kukuambia hivi."

Akalia, daktari mzima. Na mimi nikalia. Nilimwambia ni kwa sababu ya kidonda.

Nilirudi na ulimi mfupi. Maneno yakawa mazito, mengine yanatoka yamelowa. Asia ananielewa, na asiponielewa ananiambia niseme tena, hana haraka. Kofia yangu Hashimu alikataa kuirudisha. Kila alipokuja kunijulia hali alikuja ameivaa.

"Hairudi mpaka uimbe," akasema.

"Sitaimba mbele ya watu na ulimi huu."

"Basi nitazikwa nayo."

Miezi ikapita. Kisha Kipimo wakaandaa onyesho kubwa mjini, kule Ufukoni, na Sudi akanialika. Aliniambia niende kusikiliza tu. Nikakaa mbele, kama kawaida yangu. Lakini ngoma ile jamani! Ilipofika wimbo wa tatu miguu ilikuwa imeshanisimamisha, na nilipozinduka nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

"Mjomba, siyo lazima," Sudi akasema nyuma yangu.

"Wewe piga."

Akapiga. Nikaimba wimbo wangu wa ujana. Maneno yakatoka yamevimba, mengine hayakutoka kabisa, na vijana kule nyuma wakaanza kucheka. Damu ikanichemka. Nikanyamazisha ngoma kwa mkono, nikautoa ulimi wangu nje, mbele ya halaiki ile yote, mzee mzima, nikageuka kushoto na kulia ili kila mtu auone ulipokatwa. Kicheko kikafa.

"Kilichobaki ndicho hiki," nikasema. "Na kinatosha kuwatukana ninyi nyote!"

Pale Ufukoni palilipuka. Na juu ya makelele yale nikamsikia Sudi kwenye kipaza sauti kingine anapiga kelele, "Huyo ni mjomba wangu! Huyo ni mjomba wangu!" Nimesifiwa mengi maishani, na nyimbo nimetungiwa. Hilo ndilo nitakaloondoka nalo.

Hashimu akaja, akanivika kofia yangu. Nikangoja utani wake, haukuja. Akaniinamia sikioni.

"Unamwona yule mzee wa kanzu ya kahawia? Ni baba yangu mdogo, nimemleta kutoka Masasi. Mimi siwezi kumwamrisha."

Nikatazama. Mzee alikuwa amesimama pembeni, anacheka kwa upande mmoja wa uso, kiganja amekibandika shavuni. Kiganja kile nakijua. Nyuma yetu gitaa la besi lilikuwa limeegemezwa kwenye spika, mwenyewe hayupo.

Nikashuka taratibu, nikapenya katikati ya watu mpaka nikafika mbele yake.

"Hujambo, mtani?"

"Sijambo, mtani," akaitikia, kwa tabu.

Nikamvua kofia yake, nikatimua mbio. Mmakua akaja nyuma yangu akinitukana kwa mdomo wote, na mlangoni mwa hema Daktari Glory alikuwa ameshawasha tochi.