Tonge la Amissi

Kila Amissi alipoinua tonge la pilau, programu ya kuhariri filamu ilijifunga. Mkono ulifika usawa wa kidevu, picha ikaganda, kisha kioo kikabaki kitupu, na harusi nzima ya Raisa ikatoweka pamoja na vigelegele vyake.

"Imeplanté tena, Maman," alisema Espoir bila kugeuka.

Mwasiti alikitazama kisogo cha mhariri wake. Studio ilikuwa yake, chumba kimoja nyuma ya soko la mawese hapa Rumonge, kando ya ziwa; Espoir alikuwa mtu wa kuja, mkimbizi kutoka Uvira, fundi mzuri na mpole kupita kiasi. Upole huo ndio uliomkera. Vita vilikuwa vimemfundisha kumwogopa zaidi mtu asiyegombana na yeyote. Na mbona programu ifie palepale kila mara, kwenye uso wa Amissi, kaka yake?

Maana Amissi alikuwa anatafutwa. Wenye bunduki walidai kwamba amevusha waasi ziwani kwa mtumbwi wake. Alikuja harusini kwa kunyemelea, akala, akaondoka mapema. Kesho yake wakaja watu kumuulizia, wakijua hata rangi ya shati alilovaa. Tangu hapo alikuwa amejificha Muhuta, kwa rafiki wa marehemu mama yao. Mwasiti peke yake ndiye aliyeijua nyumba, na Amissi alimwapisha asimwambie hata mumewe, Abdoulkarim. Lakini leo alikuwa amekusudia kukivunja kiapo hicho, kwa kuwa Abdoulkarim alijitolea kumvusha shemeji yake hadi Kigoma.

"Hebu nipishe hapo," alimwambia Espoir. "Nitautafuta ubovu mwenyewe."

Aliondoa muziki, programu ikajifunga. Akafuta maandishi na maua ya urembo, ikajifunga. Wakapuliza vumbi ndani ya mashine, wakaiweka programu upya, wakangoja hata jenereta ya jirani itulie. Wapi! Mwishowe akaikata filamu vipande viwili. Cha kwanza kilicheza salama. Cha pili akakikata tena, na tena, mpaka ubovu wote ukabaki kwenye kipande kifupi kama chafya: wanaume wamezunguka sinia, Amissi katikati, mistari myeupe ikimkatakata uso.

Espoir akaichukua kamera, akaichezesha kaseti yenyewe. Mistari ilikuwemo hata humo.

"Programu haina kosa," alisema. "Mutu aliisimamisha hapa sana, Maman. Anasimamisha, anarudisha, anasimamisha tena. Mashine inasugua mukanda mpaka unaharibika. Alikuwa anaonyesha watu sura."

"Na wewe ndiye unayekaa na kaseti."

"Mimi niliipata juma lililopita tu. Kamera ilitoka kwako nyumbani."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo haikumpendeza. Jioni ya harusi Abdoulkarim aliichukua kamera na kaseti ndani yake, ampelekee shangazi yake Raisa, mgonjwa asiyetoka kitandani, naye aone japo kidogo. Kulikuwa na ubaya gani katika wema huo? Mwasiti akazidi kumkazia Espoir macho, akitamani awe ndiye msaliti.

Raisa mwenyewe aliingia bila hodi, hina ya harusi ingali mikononi.

"Da Mwasiti, filamu yangu itaisha lini? Shangazi iko anakufa na hajaona hata picha moja!"

"Hata moja?"

"Nani angemuonyesha?"

Mwasiti akamwahidi bibi harusi yule maneno asiyoyakumbuka, akamsindikiza mpaka mlangoni. Hakulia. Alikuwa na hasira, tena hasira iliyochanganyika na aibu, kwa sababu siku zote hizo alikuwa amempakulia mume yule chakula kwa mkono wake mwenyewe. Alimgeukia Espoir akitaka kumwomba radhi, lakini akakirudia kioo. Hata sasa hakuwa na hakika ya kutosha juu ya mtu yeyote.

Adhuhuri Abdoulkarim aliingia na ndizi za kuchoma, akawasalimu wote wawili kwa uchangamfu wake wa kawaida, kisha akamvuta mkewe pembeni.

"Mama Kulthumu, boti iko tayari. Niambie Amissi iko nyumba gani, nimuchukue leo."

Espoir aliacha kubonyeza vitufe. Mwasiti akautazama uso ule aliouzoea, akamtafuta ndani yake mtu mwingine, asimwone. Alikuwa ni Abdoulkarim yuleyule.

"Amekwisha vuka," alisema. "Iko Kigoma, salama."

Kisha akangoja, akimwombea mumewe aseme neno moja tu. Mtu wa kwao hawezi kupokea habari kama hiyo asimshukuru Mungu. Ulimi hutangulia wenyewe.

"Alivuka na boti ya nani?" aliuliza Abdoulkarim.