Ukurasa wa Shukrani

Papa Émile, mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa zamani wa chuo chetu, alipofungua kikao cha kutafuta michango nilijua wazo lake kabla hajaketi sawasawa.

"Bon, tufanye banquet. Batu ya zamani banapenda kula muzuri."

"Ya mwaka jana ilileta nini, papa?"

"Ilileta furaha, Larissa."

Ni kweli, ilileta. Wazee walicheza mpaka viatu vikawashinda, wakarudi zao Isangi na Bafwasende bila kutuachia hata bati moja. Nami mabati ndiyo niliyotaka. Paa la chumba tunachohifadhi mémoire, yale maandiko ya kumaliza masomo, lilikuwa linavuja. Mkuu wa chuo alikuwa ameniambia wazi kwamba tusipopata mabati, maandiko yatatupwa, na ofisi yangu ya kuwatafuta wahitimu itageuzwa stoo. Nilikuwa naipenda ofisi ile, pamoja na kiti chake kibovu.

Évariste, anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka, akapendekeza tuuze fulana. Pélagie, mwalimu, akataka tuwapigie watu simu.

"Habashike," nikasema. "Bakiona namba yetu, banajua ni muchango."

Hapo mvua ikaanza. Tukakimbilia chumba cha mémoire, tukaanza kuzisogeza pakavu, na moja niliyoishika ilikuwa na jina la mwenyekiti wetu. Mimi si mtu mwema sana. Nikafungua ukurasa wa shukrani, nikasoma kwa sauti Kifaransa chake cha kuvaa tai. Alimshukuru Mungu, akamshukuru profesa, akawashukuru wachumba wawili ambao hawakupaswa kukutana kwenye ukurasa mmoja. Pélagie alicheka hadi akashika ukuta.

Mstari wa mwisho ulisema: "Na Mama Aziza wa getini, aliyenipa bure mikate ya mafuta iliyoungua, siku nilizokuwa na njaa. Sitakusahau kamwe."

Kicheko kikakatika.

"Angali pale?" akauliza Papa Émile.

"Papa, asubuhi umemupigia klaksoni atoshe mbabula yake ya kupikia njiani," nikasema.

Akaificha mémoire chini ya koti, akaingia mvuani. Nilimfuata, sikutaka kukosa. Mama Aziza, chini ya turubai lake, alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kisha akalitazama lile tumbo mbele yake.

"Émile? Ule mwembamba?"

"Ndiyo, mama."

"Na uko unapita hapa kila siku?"

Mama akachagua mkate mmoja ulioungua, akampa. Alikula amesimama, machozi yakimtoka bila kujificha. Niliona aibu kwa niaba yake, halafu kwa niaba yangu, maana hata mimi sikuwahi kumsalimia.

Wiki hiyo hatukuomba mtu chochote. Nilipiga picha kila ukurasa wa shukrani, nikamtumia aliyeuandika kwenye simu, bila neno lolote. Siku ya tatu wakaanza kunipigia wao. Wengine walitaka habari za watu waliowataja, karibu wote walimalizia na swali lile lile: "Hii kitabu yangu, haitaloba na mvua?" Nikawaeleza kuhusu paa.

Mabati yalipigiliwa kabla ya mwezi kwisha, na kiti changu kibovu bado ninakikalia. Papa Émile siku hizi huacha gari barabarani, huingia getini kwa miguu, na kikao hukifungua kwa kuweka mezani beseni la mikate ya Mama Aziza.

"Bon," husema. "Banquet."