Droo ya Pili

Saa moja na nusu asubuhi Risasi Moja alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, anafunga miguu ya swala dume kwa kamba ya katani, huku akimfokea shemeji yake aishike baiskeli vizuri isije ikalala chini na mzigo. Ganda la risasi alikuwa ameshaliokota na kulitia mfukoni. Jina lile alipewa na wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimpiga mnyama mmoja mara mbili. Akikosa, alibeba bunduki yake akarudi nyumbani. Mkewe alisema huo si ufundi wa shabaha, ni ubahili.

"Shem, huyu mzito," alisema shemeji yake. "Matairi yenyewe hayana upepo."

"Mzito ndiyo raha yake. Sukuma."

Shemeji huyu, kaka wa mkewe, alitengeneza redio mbovu za watu, ndiyo maana wakamwita Fundi Redio. Naye alikuwa mwindaji wa kibali hadi mwezi uliopita, alipokamatwa na bunduki yake ikazuiliwa kituoni kwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori. Tangu hapo alikuwa msukuma baiskeli wa mwenzake, kazi ambayo haikumfurahisha hata chembe. Ukimuuliza kilichotokea, alisema tu, "Kosa langu," kisha akauliza habari nyingine. Risasi Moja alishamsema sana kwa hilo. Bwana nyama hana ugomvi na mtu anayefuata taratibu, alimwambia, tena mbele ya wake zao. Wawindaji wengine wawili walikamatwa kabla yake, na hao pia Risasi Moja aliwasema kwa uzembe.

Yeye kwa taratibu hakuwa na mpinzani. Kibali kilimruhusu madume wawili kwa mwezi, basi alipiga wawili. Nusu ya nyama ilikwenda chunguni, nusu iliwavalisha watoto viatu vya shule. Nyama ya buchani ilikuwa imepanda bei mpaka watu wa mtaani kwake wakawa wanaisalimia kwa macho na kuendelea na safari zao. Bila bunduki ile nyumba yake ingekula mboga za majani siku saba za juma, na hata mboga nazo zilishaanza kuringa.

Walipofika kwenye barabara ya vumbi, gari la wanyamapori lilikuwa limeegeshwa kivulini. Risasi Moja alifurahi. Alinyoosha mkono kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi.

"Mkuu, umetuwahi. Mmoja, dume, risasi moja. Ganda hili hapa."

Bwana nyama alishuka taratibu. Kijana mwenye adabu, sare imenyooshwa, viatu vinang'aa. Alilipokea ganda, akalitazama, akalitia mfukoni mwake.

"Shikamoo mzee wangu. Kibali?"

Risasi Moja alicheka. "Si kiko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwenye droo, Mkuu. Droo ya pili. Kilipo siku zote."

"Mzee," bwana nyama alisema kwa upole uleule, "sheria inasema mwindaji awe na kibali mkononi. Mimi nakuona una bunduki na mnyama aliyekufa. Kibali sikioni."

Hapo inabidi msomaji aambiwe habari ya hiyo droo, maana mtu wa mbali atasema wawindaji wale walikuwa mabwege. Hawakuwa mabwege. Vibali vyao vilikuwa vijitabu vya karatasi nyepesi, na mwaka mmoja wa mvua nyingi viliwalowania maporini, mihuri ikachuruzika, watu wakazuiwa kuwinda kwa sababu ya wino. Bwana nyama wa zamani akasema, viacheni kwenye droo yangu. Asubuhi pita, nikuandikie tarehe; ukirudi, nikuandikie mnyama. Akikukuta porini hakuulizi kitu, maana anajua alichoandika. Wakaishi hivyo miaka kumi na mmoja bila mtu kudhulumiwa hata kwato. Alipostaafu, huyu mpya akawaita wote kituoni, akawapa chai, akasema utaratibu ni mzuri, uendelee, kwake ni kama kwa mwenzake. Hakuna aliyedai hati ya makabidhiano. Ungeanzaje kumdai hati mtu anayekumiminia chai?

Na asubuhi ile ile Risasi Moja alikuwa amepita kituoni. Bwana nyama alikitoa kijitabu, akakiandika tarehe, akakirudisha, akamtakia kazi njema. Mkono ulioandika ndio huo sasa uliokuwa unamvua bunduki begani.

Swala alipakiwa nyuma ya gari. Wao wawili wakapakiwa pamoja naye.

Kituoni dereva aliwashusha watu, lakini swala hakumshusha. Gari likaondoka kuelekea upande wa hoteli ya barabarani, ile yenye nyama choma kila siku na isiyojulikana inanunua wapi. Mashemeji wakaketishwa kwenye benchi la nje, ukutani, chini ya bango lililoandikwa kwamba kuzuia ujangili ni jukumu la kila mwananchi.

Risasi Moja alikuwa bado anatafuta maelezo ya kumtetea yule kijana. Labda kuna mkubwa wake anayemwangalia. Labda ni ukaguzi. Kuaminiana na mtu kuna ulevi wake, na yeye pombe ilikuwa haijamtoka.

"Kibali chako ulikuwa umekisahau nyumbani, si ndiyo?" alimuuliza shemeji yake. "Ndiyo maana wewe alikukamata."

Fundi Redio aliitazama mikono yake. "Kilikuwa kwenye droo."

"Droo ipi?"

"Unajua ipi."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe? Ulikuwa unamsifia mpaka mezani. Niliposema kosa langu ulitikisa kichwa, ukaridhika kabisa. Na wale wawili wa kwanza nao nimewauliza juzi. Droo hiyo hiyo. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, akaona aibu."

Aibu ilimpanda Risasi Moja kutoka miguuni, aibu ya kweli, maana alikumbuka alivyomsema mtu mzima mwenzake mbele ya dada yake na mkewe. Alitaka kuomba radhi. Alichoweza ni kusogea kidogo ili shemeji yake apate nafasi ya kunyoosha mguu.

"Ukasaini?" aliuliza hatimaye.

"Alisema nikisaini, bunduki inarudi baada ya wiki mbili. Nisiposaini, mahakama, mwaka mzima. Nikasaini. Bunduki haijarudi, na sasa kwenye vitabu vyao mimi ni jangili. Kibali sipati tena mpaka kufa. Shem, usi—"

"Mzee, karibu ndani," sauti ya bwana nyama iliita.

Ofisi ilikuwa ndogo: meza moja ya mbao yenye droo tatu, kabati la chuma lililofungiwa bunduki, na kwenye kona karani, mama wa makamo mwenye miwani, akichapa bila kuinua uso. Risasi Moja aliitazama droo ya pili. Ilikuwa na kufuli jipya.

"Mzee wangu, tumalizane kiungwana," bwana nyama alisema. Alifungua daftari nene la fomu, akaweka karatasi za kaboni katikati. "Sipendi uende lokapu, umri wako si wa kulala sakafuni. Hii ni fomu ya kukiri kosa. Saini, nenda kanywe chai na mama. Wiki mbili, bunduki unaifuata."

"Na nisiposaini?"

"Nakupeleka mahakamani. Utakwenda na kurudi mwaka mzima. Nani atakulishia watoto?"

"Kibali changu kimo humo, Mkuu. Fungua tu tuone."

"Humo mna nyaraka za serikali." Alimsogezea kalamu. "Usinikomalie, mzee. Jina hapo, maelezo hapo, saini hapo. Andika tu, nakiri. Na andika vizuri usiiharibu, maana fomu hizi zina namba, makao makuu wanazihesabu moja moja. Nakala moja inakwenda kwao, moja mahakamani, moja inabaki."

Risasi Moja alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na tangu hapo kazi yake na kalamu ilikuwa ndogo. Lakini namba aliiona, nyekundu, pembeni juu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akavuta kiti, akainama, akaanza kuandika.

Aliandika jina. Kwenye mistari ya maelezo aliandika herufi ndogo, zilizobanana, akikandamiza kalamu ili kaboni ishike mpaka chini. Bwana nyama, aliyekuwa amesimama dirishani akiangalia kama gari linarudi, alidhani mzee anapata shida na neno moja.

"Nakiri, mzee. N, a, k."

"Nakuja, Mkuu. Mkono mzito."

Alisaini. Akalisukuma daftari.

Bwana nyama alisoma kwa sauti maneno mawili ya kwanza, kisha akanyamaza, akaendelea kwa macho. Palikuwa pameandikwa: *Kibali changu kimo droo ya pili ya meza ya bwana nyama. Leo asubuhi amekiandika tarehe kwa mkono wake. Nimepiga swala dume mmoja. Swala ameondoka na gari la kituo kwenda hotelini. Wenzangu watatu vibali vyao vimo humo humo.*

"Umefanya nini wewe?" Ile shikamoo yote ilikuwa imekwisha mdomoni mwake.

"Umesema maelezo. Nimeeleza."

Bwana nyama aliishika pembe ya karatasi kana kwamba ataichana, akamgeukia karani. "Hii imeharibika. Nipe nyingine."

Mama karani aliacha kuchapa. Alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa kanga yake bila haraka. "Zina namba, Mkuu," alisema. "Ikikosekana moja, mimi ndiye ninayeandika barua ya kueleza." Akavaa miwani, akaendelea na kazi yake.

Bwana nyama aliiachia pembe ya karatasi. Kisha akacheka kicheko kifupi kilichomkauka.

"Haya, mzee. Nenda nyumbani. Leo nimekusamehe."

"Bunduki?"

"Inabaki. Nitakuita."

"Sijakuomba msamaha, Mkuu." Risasi Moja alisimama. "Umenikamata. Mtu aliyekamatwa haambiwi aende nyumbani. Nipeleke mahakamani."

"Nimesema nenda."

"Nipeleke na kielelezo. Swala yuko wapi?"

Bwana nyama alitazama dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu, kuna alama za matairi tu.

Fundi Redio alikuwa ameshaingia. Hakuitwa, alisimama mlangoni amevua kofia, sauti yake ndogo lakini haikukatika. "Na mimi, Mkuu. Ya mwezi uliopita. Nilisaini, lakini sikueleza. Naomba niunganishwe kwenye kesi hiyo hiyo."

"Nitawaweka ndani wote wawili."

"Ndicho tunachokuomba," alisema Risasi Moja. "Niandikie tarehe ya mahakama, weka muhuri, twende. Kama huna tarehe leo, tutaisubiri."

Bwana nyama hakuandika kitu. Alikaa, akasimama, akatafuta simu yake, akairudisha mfukoni. Wale wawili wakatoka nje, wakarudi kwenye benchi lao ukutani. Jua lilikuwa limeshafika hapo na mbao zilikuwa za moto. Bunduki zilikuwa bado kabatini, nyama ilikuwa imekwenda, na huko nyumbani hakuna aliyejua wako wapi.

"Shem," alisema Risasi Moja, "nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Kaa tu," Fundi Redio alijibu. "Siku bado ndefu."

Saa sita mchana walikuwa bado wapo, mashemeji wawili, wakidai kushitakiwa na mtu asiyethubutu kuwashitaki.