Gari Lisiloshika Unga

Nitukane mimi, tukana mapishi yangu, tukana hata pua hii niliyozaliwa nayo, nitacheka. Lakini Niva yangu, gari langu la Kirusi, usiitie mdomoni. Sabzali aliitia mdomoni, tena akiwa amekaa nyumbani kwangu, juu ya godoro langu, anakunywa chai yangu ya maziwa na chumvi niliyoitia siagi kwa mkono wangu mwenyewe.

Huyu Sabzali ni baba mdogo wa Nekruz, kijana aliyekuwa anamwoa binti yangu Shakarmo. Alishuka kwetu mjini Khorog kutoka kijijini kwao, juu kwenye bonde la Shohdara, kuja kupanga nasi mambo ya harusi. Mengine yote tulikubaliana vizuri. Akamega mkate, akauchovya, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mama Shakarmo, suala la gari tumeshalimaliza. Nimepata jeupe la kukodi, jipya, viti vya ngozi. Bibi harusi atapanda hilo."

"Bibi harusi atapanda Niva," nikamwambia.

"Niva ipi?"

"Kwani umeingilia dirishani? Si umeipita hapo nje?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ile? Nilidhani ni banda la kuku!"

Damu ilinichemka. Mume wangu alikwenda Urusi kutafuta kazi, akaisahau njia ya kurudi, na hiyo Niva ndiyo iliyobaki ikawa baba mwenye nyumba. Nimepakia abiria, nimepakia magunia ya viazi, nimepakia wagonjwa na mbuzi. Shakarmo amejifunza kusoma kwenye kiti cha nyuma huku mimi nabadilisha tairi kwenye theluji. Bega langu la kulia limeharibika kwa jeki ya gari hilo, mkono haupandi tena juu ya sikio. Leo mtu ananiambia banda la kuku!

"Sikiliza, mkwe," nikasema. "Mwanangu atakwenda kwenu na Niva, na nitaendesha mimi."

Hapo kicheko kikamkauka. "Wewe? Mama wa bibi harusi hubaki nyumbani analia. Ndivyo ilivyo tangu mababu."

"Nitalia huku nabadilisha gia."

Shakarmo, aliyekuwa ameegemea nguzo ya katikati ya nyumba, akaficha uso kwa kitambaa. Sikujua kama anacheka au anaona aibu. Sabzali akaweka bakuli chini, akapangusa masharubu.

"Haya, tusigombane. Gari jeupe litasubiri darajani, chini ya kijiji chetu. Niva yako ikifika hapo inang'aa mpaka naziona ndevu zangu kwenye boneti, pita, uje mpaka mlangoni, sitafungua mdomo. Ikifika imechafuka, bibi harusi anahamia kwenye jeupe na wewe unageuza hapo hapo. Na nimesema ikifika, siyo ikiondoka. Hapa mjini hata punda anang'aa."

"Nimekubali," nikasema. Mdomo wangu siku zote hutangulia.

Alipoondoka ndipo nikakaa chini nikafikiri. Ile barabara ni vumbi tupu, na vijito vinakatiza juu yake. Halafu kuna unga. Kwetu kinachoanza safari hupakwa unga ili njia yake iwe nyeupe: bega la kulia la mtu, kizingiti cha nyumba, na siku hizi boneti ya gari. Mwaka jana binamu yangu mmoja alilipaka gari lake la harusi nta nzito kama mafuta ya kondoo, wakalimwagia unga, akavuka kijito, jua likawaka. Alifika kwa wakwe na mkate wa kuokwa kwenye boneti. Mpaka leo watu wakimwona wanauliza kama bado kuna kipande cha moto.

Basi nikaenda sokoni kwa Odina, muuza vipuri, nikiwa na pakiti ya unga kwenye mkoba.

"Dada Gulchaman," akasema, "unataka nta ya kudumu au unataka rahisi kupaka?"

"Nataka vyote viwili."

"Basi wewe unataka mume, hutaki nta."

"Mume nilikuwa naye. Hakudumu na hakuwa rahisi. Lete makopo."

Akaleta la kwanza, nta ngumu kama sabuni ya kufulia. Hii, akasema, inakaa tangu theluji iyeyuke mpaka ianguke tena. Nikaijaribu kwenye mlango wa Niva. Kuipaka tu ilikuwa kazi, na kuifuta ndiyo usiseme. Bega lilinilia kabla sijamaliza mahali pa ukubwa wa sahani. Akaleta ya chupa, nyepesi kama maziwa, nikaipaka pembeni yake, ukiigusa tu imeshaenea. "Hii mtoto anaweza," akasema. Ya tatu akaitoa kwa mikono miwili, eti inaligeuza gari kuwa kioo kwa miaka, ila ni lazima gari lilazwe ndani ya chumba kisicho na vumbi hata chembe.

"Khorog hii? Nikalilaze wapi, hospitali, kwenye chumba cha upasuaji?"

"Mimi nakwambia yaliyoandikwa."

"Hiyo rudisha. Na lile je?" Nilikuwa nimeona kopo limeegemezwa mlango usifungwe na upepo.

"Lile? Halina hata picha ya gari. Watu hawalitaki."

"Nani kakuuliza watu?"

Ilikuwa nta laini. Nikachota kidogo kwa sponji, nikapaka kwa mkono wa kushoto, utando mwembamba tu. Ikakauka, ikaacha ukungu kama pumzi kwenye dirisha. Nikafuta kwa kitambaa, ukungu ukatoka wenyewe, bega halikusema kitu. Chini yake nikaona rangi ya Niva yangu, ile nyekundu ya komamanga niliyokuwa nimeshaisahau. Jamani, moyo ulinidunda.

Lakini sikununua kwa macho tu. Nikatoa unga, nikatupia sehemu zote tatu, nikamwagia maji, nikakaa juani na Odina tukala tut, forosadi zilizokaushwa. Watu wakaanza kujaa.

"Shangazi, umekuja kununua vipuri au kuoka?" mmoja akauliza.

"Naoka. Ukisubiri nitakupaka siagi wewe."

Jua lilipokwisha kazi yake, tukatazama. Kwenye ile ya chupa ulikuwa umeshika unga mgumu, ikabidi tuukwangue kwa kucha. Kwenye ile ngumu yalibaki mabaka hapa na pale. Kwenye ile ya kopo bovu hapakuwa na kitu. Unga wote ulikuwa umeteleza na maji mpaka chini. Nikapitisha kidole, kikalia kama sahani iliyooshwa.

"Nipe hilo," nikasema, "na mlango wako utafute jiwe."

Siku mbili kabla ya harusi tuliliosha gari kwa maji ya mto, tukaliweka kwenye kivuli cha ukuta. Chini ya mti wa tut hapana, ule mti unadondosha utomvu. Mimi napaka upande huu, Shakarmo anafuta upande ule. Kila kipande tunakimaliza ndipo tunakwenda kingine. Kazi ilikwenda upesi kuliko nilivyotaka; mimi nilitaka kukaa naye zaidi.

"Mama," akasema bila kuinua uso, "ukibaki nyumbani hakuna atakayekulaumu."

"Wamekutuma?"

"Hawajanituma. Naogopa tu watakuumiza pale darajani, mbele za watu."

"Achana na wao. Wewe unataka nini?"

Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kung'aa. Kisha akasema, "Nataka unipeleke wewe. Tangu nizaliwe, hakuna mahali nimefika bila wewe kunipeleka."

Nikamwambia asidondoshee machozi nta mbichi. Nikaenda nyuma ya buti nikalia huko.

Siku yenyewe dada yangu alimpaka Shakarmo unga begani, akanyunyiza na boneti. Unga ukateleza wote, ukaishia kwenye tairi. Mimi nikafurahi kimoyomoyo. Dada alikunja uso, akataka kusema neno, lakini nilikuwa nimeshawasha injini. Bwana harusi akakaa mbele, bibi harusi nyuma na shangazi yake, jamaa wakatufuata na magari yao.

Barabara ilitufanyia vituko vyake vyote. Lori la kondoo lilitutangulia, likakataa kutupisha. Vumbi likatufunika mpaka Nekruz akauliza kama bado mchana. Vijito vidogo nilivivuka taratibu, maji hayakufika hata kwenye taa. Nikitazama boneti naona kijivu tupu. Nilishaanza kujiona nageuza pale darajani, kiti cha nyuma kitupu.

"Mama mkwe," Nekruz akasema kwa upole, "nishuke nifute?"

"Kaa. Tumepatana gari, hatukupatana vitambaa."

Kabla ya daraja kuna kijito cha mwisho, kipana, kinashuka moja kwa moja kutoka kwenye barafu. Wote hupunguza mwendo pale. Nikasema, "Fungeni vioo!" nikakanyaga mafuta. Shangazi mtu alipiga kelele ya kumwita Mola. Maji yakapaa pande zote, yakatua juu ya boneti, juu ya paa, yakagawanyika kuwa matone elfu, na kila tone likakimbia na vumbi lake. Tulipotokea ng'ambo, Niva ilikuwa komamanga. Nyuma yangu nikasikia kicheko cha mwanangu, kile kile cha utotoni.

Darajani Sabzali alikuwa amesimama na jeupe lake. Lilikaa pale tangu asubuhi, kila lori likilipita, na sasa lilikuwa na rangi ya punda. Akaja akainama juu ya boneti yangu. Akatazama kwa muda.

"Ndevu umeziona, mkwe?" nikauliza dirishani. "Na zile ulizozipaka rangi nyeusi pia zinaonekana?"

Wanaume wa nyuma yake walicheka wakaangalia mto. Akaninyooshea mkono, nipite. Nikapita, honi nimeikalia mpaka kijijini.

Mlangoni kwa kina Nekruz kijiji kizima kilikuwa kinangoja, na mbele yao Bibi Davlatmo, bibi yake Nekruz, mzee kweli, ameshika bakuli la unga. Akasoma dua, akachota, akaumwaga katikati ya boneti. Unga ukateleza. Ulishuka taratibu, wote, ukadondoka kwenye mavumbi mbele ya miguu yake.

Ngoma zikanyamaza. Bibi akachota tena, akamwaga. Ukashuka tena.

Ndipo nikaelewa kile dada yangu alichotaka kuniambia. Mimi na akili zangu sokoni, nilikuwa nimechagua nta inayofukuza baraka! Wanawake wakaziba midomo. Mmoja akasema hajaona jambo kama hili. Na Sabzali, aliyeahidi kutofungua mdomo, akaufungua.

"Mmeona wenyewe. Unga umekataa. Mimi nilisema toka mwanzo. Leteni lile jeupe, bibi harusi ahamie humo, tuanze upya."

Nikatazama kwenye kioo. Shakarmo alikuwa amekamata kiti changu kwa nyuma, vidole vimekuwa vyeupe. Basi nikafungua mlango nikashuka.

"Unga haujamkataa mtu!" nikasema. "Umekataa bati. Bati lina haja gani na baraka? Bati lilitaka nta, nimelipaka. Ninyi mnabariki kizingiti, mnabariki bwana harusi, mnabariki boneti ya gari la kukodi ambalo kesho litapakia mtu mwingine. Mama aliyemlea huyu mtoto mnamwacha nyumbani, akumbatie nguzo peke yake. Lini mmewahi kumpaka unga? Leo hakubaki. Leo kaja. Bega si hili hapa?"

Nikalipiga kofi bega langu la kulia, lile bovu, likaniuma mpaka machozi yakanitoka.

Sabzali alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Bibi Davlatmo akatazama ndani ya bakuli, akalizunguka gari polepole huku ameshika boneti kwa mkono mmoja asianguke. Akafika mbele yangu. Alikuwa mfupi, ikabidi nipige goti.

Akachota unga wote uliobaki. Akaubandika begani kwangu, akaukandamiza kwa kiganja, hakuondoa mkono.

"Siku niliyoletwa hapa," akasema, kwa sauti niliyoisikia mimi tu, "mama yangu alibaki mlangoni. Nilipogeuka kumtazama, wakanikataza kugeuka. Sikumwona tena."

Kisha akamgeukia Sabzali. "Wewe, acha kusimama kama nguzo ya simu. Mfungulie mkwe wako mlango." Na Sabzali akamfungulia mwanangu mlango wa Niva.

Nilirudi Khorog peke yangu jioni ile. Kile kijito kipana nilikivuka taratibu, vioo vyote nimefunga, maji yasinifikie begani.